Gundi ya Buluu na Kiatu cha Adamu

Kisa chote kilinigharimu shilingi saba na thumuni: tatu na thumuni za gundi, mbili za maziwa, na mbili za fundi aliyeshona viatu vyangu baada ya mbio zile. Nimehesabu mara mbili. Ukucha wa kidole gumba cha mguu siutii katika hesabu, kwa kuwa uliota tena bure.

Ninyi vijana mnaoanza kufundisha watoto wadogo mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi za mikono zamani, enzi ambazo hakuna aliyeuza gundi ya chupa yenye picha ya mtoto anayecheka. Nitaandika, lakini nawaonya mapema: mimi si mtu wa kuanza mwaka fulani na kumaliza mwaka fulani. Nitaokota hapa na pale. Gundi tutaifikia, kwa sababu gundi ndiyo iliyonifundisha mengine yote, na mwishoni nina jambo la kuwauliza.

Miaka ya sitini ikielekea ukingoni niliingia katika shule ya nasari pale Ngara. Nikisema shule msione majengo. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya jumla. Mbele yetu walipakua magunia ya maharagwe, nyuma yetu fundi wa mabati aligonga kutwa. Watoto walijifunza kuimba kwa sauti ya juu ili wasikike, na mpaka leo nikikutana na mtu mzima anayeongea kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, namwuliza kama alisoma Ngara.

Sikwenda kuomba ualimu. Nilikwenda kuomba kazi ya kupika uji. Mkuu wa shule, Mama Yunia, mwanamke mrefu wa upande wa magharibi kama mimi, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama nikibishana na muuza mayai. Niliyashusha mayai bei mpaka yule mtu akaniuliza kama nataka na kuku wake. Mama Yunia akaniambia, "Wewe Agneta, uji kila mtu anajua kupika. Mimi niko na shilingi ishirini ya kununua vifaa ya muhula mzima, na watoto ishirini na tatu. Utaweza?"

Nikamwuliza, "Shilingi ishirini zote lazima ziishe?"

Hapo ndipo nilipopata kazi.

Karatasi nilizipata River Road, kwa wapiga chapa. Mashine zao zilikata kingo za karatasi na vipande vile vilikuwa vinatupwa. Nilipoanza kuvitaka vikawa na bei ghafla. Nilizunguka wapiga chapa wanne, nikamwambia kila mmoja kwamba wale watatu wananipa bure, na kufikia wiki ya pili maneno yangu yakawa kweli. Siku nyingine tulipata kadi za harusi zilizokosewa jina. Watoto wangu walikata samaki na nyumba kutoka kwenye harusi za watu wengi, na natumaini ndoa zenyewe zilidumu kuliko samaki wetu.

Mashati ya kazi yalikuwa mashati makuukuu ya baba zao, tuliyowavalisha nyuma mbele, mikono imekunjwa. Rangi ya njano ilikuwa manjano ya jikoni, nyeusi ilikuwa mkaa uliosagwa, nyekundu ilikuwa maji ya viazi vyekundu vya biturudi. Udongo wa kufinyanga niliuchota bondeni karibu na nilikopanga, Uthiru, nikaufunga kwenye gunia na kupanda nao basi. Kondakta akataka nilipie mzigo.

"Huu si mzigo," nikamwambia, "ni ng'ombe kumi na wawili hawajaumbwa."

"Basi lipia ng'ombe kumi na wawili."

Siku hiyo nililipia mzigo. Lazima ujue kukubali ukishindwa.

Mikasi tulikuwa nayo sita. Ilitoka sita na ilirudi sita, au hakuna mtu aliyekwenda nyumbani. Watu walinicheka kwa kuhesabu kila kitu mara mbili. Mama Yunia alikuwa akisema, "Agneta akienda mbinguni atahesabu malaika, halafu awaambie wajipange upya." Sikujali. Mtoto wa miaka mitatu na mkasi uliopotea ni mambo mawili ambayo hutaki yakutane usipokuwepo.

Kosa langu la kwanza halikuhusu vifaa. Wiki yangu ya mwanzo nilichora kuku mzuri sana, nikamrudia kwenye karatasi ishirini na tatu, nikawapa watoto wamjaze rangi. Nikawatundika wote ukutani kwenye mstari. Nilisimama mbele yao kama mtu aliyefungua maonyesho. Mama Yunia akatazama, akatazama tena.

"Hizi kuku zote ni zako," akasema. "Ya watoto iko wapi?"

Siku ya pili niliwapa karatasi tupu. Mtoto mmoja akanichorea mduara wenye mistari kumi na saba, akaniambia ni kuku anakimbia na hiyo ndiyo miguu yake, maana akikimbia huwa mingi. Tangu siku hiyo sikuchora tena mbele ya mtoto. Na ninyi msichore. Msiulize hata "hii ni nini?" kwa sauti ya askari. Sema tu, "Niambie habari yake," kisha ukae.

Wazazi walikuwa kazi nyingine. Palikuwa na baba mmoja, karani wa mjini, aliyekuja akiwa ameshika shati la mtoto lenye matope.

"Mwalimu, mimi nalipa karo mtoto acheze matope? Matope hata nyumbani iko."

"Nyumbani iko," nikamwambia. "Lakini kuna mtu wa kumwuliza anaunda nini?"

Akafikiri kidogo. "Kwa hivyo nalipia maswali."

"Ndiyo. Na haya yako nayajibu bure."

Alicheka. Muhula uliofuata akamleta na mdogo wake, na akaomba apunguziwe. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa tufike kwenye gundi.

Gundi yetu ilikuwa unga wa ngano na maji, unakoroga kwenye stovu ya mafuta ya taa mpaka uwe kama uji mzito. Mtoto akiilamba, na atailamba, amekula uji usio na sukari. Hakuna hasara. Nilikuwa nikimgawia kila mmoja kiasi kwenye kifuniko cha soda. Vifuniko ishirini na tatu, watoto ishirini na tatu. Wengine walibandika nusu na kula nusu, na nilikuwa nimeshaizoea hesabu hiyo.

Lakini gundi ya unga ni chakula kwa kila mwenye mdomo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, wiki tuliyokuwa tukijiandaa kwa siku ya wazazi, tulifungua mlango Jumatatu asubuhi tukakuta panya wamekula kazi yote ya ukutani. Hawakula karatasi. Walikula pale palipopakwa gundi tu, kwa ustadi, na karatasi zikadondoka sakafuni kama majani. Mtoto mmoja alilia kwa sababu mama yake wa karatasi hakuwa na kichwa.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Kazi ikabidi ifanywe upya Alhamisi, na kwa gundi ambayo panya hawatakula.

Jumatano nikashuka River Road. Huko palikuwa na mzee wa Pwani, Maalim Sefu, aliyejalidi vitabu. Aliitwa Maalim kwa kuwa jioni alisomesha watoto Kurani, na mchana alishona na kubandika madaftari ya hesabu ya wenye maduka. Sikuwahi kuzungumza naye, ila kila nilipopita nilikuwa nimeona kitu: duka lake lilikuwa pembeni mwa mtaro wenye panya wakubwa, na vitabu vyake havikuguswa. Nilidhani ni kazi ya paka wake. Lakini paka mwenyewe nilimkuta amelala juu ya rafu, mnene, mvivu, hajui panya ni nini. Basi, nikajiambia, ni gundi.

Hapa niwaambie kanuni zangu mbili za kununua, ambazo nilijivunia wakati huo. Ya kwanza: usiseme kitu ni cha shule, watakuongezea bei. Ya pili: usimwache muuzaji amalize sentensi, kwa kuwa kila sentensi ya muuzaji huishia kwenye bei.

Gundi yake ilikuwa kwenye kopo, nzito, nzuri, yenye ubuluu kwa mbali. Nikaipenda hata hiyo rangi.

"Maalim, kopo hili wauzaje?"

"Siuzi gundi, mwanangu. Najalidi vitabu."

"Nahitaji ya kubandika bahasha tu. Shilingi mbili."

"Tano. Lakini gundi yangu hii, mwanangu, nimeitia—"

"Umeitia bei, hilo nimeliona. Mbili na thumuni."

"Sikiza kwanza. Nne. Nilitaka kukwambia kwamba—"

"Tatu na thumuni, na nisiongezwe hadithi."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye nguo alizoanika. "Haya," akasema. "Chukua." Nilitoka nikiwa nimeokoa shilingi moja na thumuni, nikapita kila duka nikitabasamu.

Alhamisi saa nne tukaanza kazi. Ishirini na tatu wamevaa mashati ya baba zao, viatu vimepangwa ukutani, kila mmoja na kifuniko chake. Gundi ilishika vizuri mno. Nilisikia wawili watatu wakisema, "Leo gundi ni chungu, Mwalimu," wakitema na kukunja nyuso. Nikawaambia ndivyo inavyotakiwa, gundi si chakula. Nilifurahi hata kwa hilo.

Palikuwa na mtoto aliyeitwa Adamu, miaka mitatu na ushei, wa familia ya Kiislamu kutoka Pwani, aliyelelewa na bibi yake, Bi Rukia, wakati mama yake yuko kazini. Katika wala gundi wote niliowahi kufundisha, Adamu ndiye aliyekuwa bingwa. Asubuhi hiyo alikuja akanivuta sketi.

"Mwalimu, jino la bibi—"

"Adamu, bandika karatasi yako kwanza."

"Jino la bibi limeto—"

"Nenda ukakae, Adamu. Tutaongea baadaye."

Saa sita wengi wakachukuliwa na watu wao. Bi Rukia alikuja kumchukua Adamu, buibui limefungwa vizuri, akafunika mdomo kwa ncha ya leso alipokuwa akinisalimu. Nikadhani ni haya za watu wa Pwani. Sikuuliza.

Nikakusanya vifaa. Mikasi sita. Vifuniko ishirini na viwili. Nikahesabu tena. Ishirini na viwili. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza nikitafuta kile kimoja, niliposikia mtu akipumua mlangoni kama punda aliyepanda kilima. Alikuwa Maalim Sefu, na aproni yake ya kazi, kiatu mguu mmoja, mguu mwingine mtupu.

"Mwanangu," akasema, "muuza kahawa ameniambia wewe ni mwalimu wa watoto wadogo. Ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini bei ni ile ile."

"Wacha bei! Ile gundi nimeitia mrututu!"

Mrututu, kwa wasioujua, ni mawe ya buluu yanayosagwa. Wajalidi waliutia kwenye gundi ili panya na mende wasile vitabu. Ni sumu. Ndiyo iliyokuwa ile rangi niliyoipenda, na ndiyo sentensi niliyomkata mara mbili dukani.

Sikumbuki nilivyosimama. Ninachokumbuka ni Mama Yunia akichukua vile vifuniko na kuvipanga mezani kwenye mistari. "Agneta, usilie. Hesabu. Hiyo kazi unajua." Tukahesabu. Vifuniko ishirini na viwili, kila kimoja kikiwa na gundi iliyobaki na alama ya kidole cha mtoto, hakuna kilichorambwa kikaisha. Uchungu wa ule mrututu uliwafanya wateme. Watoto saba walikuwa bado hawajachukuliwa. Mama Yunia akawafungua midomo mmoja mmoja, akawasafisha, akaanza kumtuma mtu kwa kila nyumba ya wale wengine kuwauliza wazazi hali zao bila kuwatisha. Kimoja tu ndicho kilichokosekana. Kila mtoto nikamkumbuka na kifuniko chake mkononi akinirudishia, isipokuwa bingwa.

"Adamu," nikasema.

Maalim akaweka shilingi zangu tatu na thumuni mezani. "Nunua maziwa njiani. Na mtoto akiwa na dalili yoyote, mbebe hospitali, usingoje." Sikuzichukua. Siku hiyo hata mimi nilikuwa na aibu. Nilipokuwa nikitoka Mama Yunia akanisukumia kiatu kidogo kimoja, alichokisahau Adamu kule ukutani. "Shika hii. Usiende kwa nyumba ya watu mikono mitupu, utaua nyanya na presha kabla hujajua kitu."

Nilikimbia. Nililipa maziwa shilingi mbili bila kuuliza bei, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baada. Ngazi za ile ghorofa yao zilikuwa thelathini na sita, na nilizihesabu mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilipanda jengo la jirani. Ukucha uliachwa kwenye jengo la jirani.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Pazia likafunuka. Adamu amesimama, mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu, kifuniko cha soda mkononi. Kitupu. Kimekombwa kikawa kinang'aa.

Nikapiga magoti. "Adamu. Gundi iko wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwenda wapi, baba?"

"Nimempa bibi."

Nikatazama nyuma yake. Bi Rukia alikuwa ameswali adhuhuri akajinyoosha kwenye mkeka, amelala chali, mdomo wazi. Hakutikisika. Nikatambaa, ndiyo, nilitambaa, mpaka karibu na uso wake.

Akakoroma.

Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu na bendi za siku za taifa. Hakuna iliyofikia koromo lile.

Kisha nikaona. Kwenye kidevu chake, katikati kabisa, limesimama jino. Jino la mtu, la mbele, limebandikwa wima kwenye bonge la gundi ya buluu.

"Lilitoka jana akila muwa," Adamu akaninong'oneza. "Analificha kwenye leso. Nilitaka kulirudisha, lakini alifunga mdomo, nikaliweka hapo karibu."

"Na wewe ulikula gundi?"

Akaniangalia kwa dharau. "Ingetosha?"

Nikamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu safi. Meno safi. Vidole ndivyo vilivyokuwa buluu mpaka kifundo, navyo nilivisugua kwa sabuni mara mbili. Kisha nikachukua kitambaa chenye maji nikaanza kumfuta Bi Rukia taratibu, kutoka midomoni kwenda nje, gundi isiingie ndani. Hapo akafungua macho.

"Mwalimu?"

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Wanifuta kidevu kwani nimekufa?"

"Hapana, Bi. Nimeleta kiatu cha Adamu."

"Kiatu huletwa kwa kidevu?"

Adamu akasema, "Bibi, usiongee, jino litaanguka," na jino likaanguka. Bi Rukia akalitazama kwenye mkeka, akamtazama mjukuu wake na vidole vyake, akaelewa, akacheka mpaka akasahau kufunika pengo. Nami nikacheka. Kisha nikalia, nikasingizia kucheka.

Adamu alikunywa maziwa yote mbele yangu. Nilikaa pale mpaka alasiri nikimtazama kama chungu kilicho motoni. Alicheza, akaruka, akaomba chakula. Niliporudi Ngara Mama Yunia alikuwa amesimama mlangoni, na kabla sijauliza akasema, "Wote ishirini na mbili, wako sawa. Nimehesabu mara mbili." Maalim Sefu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni, akaweka mikono usoni akasema alhamdulillahi mara nyingi sana. Hizo sikuzihesabu.

Ninyi msifanye nilivyofanya. Mtoto akila kisichojulikana, mpelekeni hospitali kwanza, maswali baadaye. Mimi nilikuwa na bahati, na bahati haifundishwi chuoni.

Usiku ule tulitupa kazi yote na gundi yote. Ijumaa wazazi walikuta kuta tupu na watoto wakifinyanga udongo, na wakaipenda kuliko karatasi. Jumatatu Maalim alikuja na mfuko mdogo wa karafuu. Akanifundisha kupika gundi ya unga kwa maji yaliyochemshwa karafuu na chumvi kidogo. Panya hawaitaki, ukungu hauikamati upesi, na mtoto akiilamba haimdhuru. Chumba chetu kikanukia pilau miaka yote ya sabini, na wapita njia walikuwa wakichungulia kuuliza chakula kiko tayari saa ngapi. Siku hizi mnanunua chupa. Sawa. Lakini someni maandishi madogo ya nyuma, na mkimaliza someni tena.

Zile kanuni zangu mbili za kununua nilizitupa na ile gundi. Bado napatana bei, msinielewe vibaya, ila muuzaji humaliza sentensi yake kwanza. Na mtoto pia. Laiti ningemwacha Adamu aseme maneno manne asubuhi ile, "jino la bibi limetoka," ningejua anataka nini na gundi, na nisingekimbia ngazi za majengo mawili.

Jambo moja silo safi. Bi Rukia hakuwahi kuambiwa habari ya mrututu. Nilikuwa nikingoja siku nzuri ya kumwambia. Kabla haijafika, alikwisha kusimulia Ngara nzima jinsi mwalimu alivyokimbia juani hadi kung'oka ukucha, ili mtoto wa watu asikose kiatu kimoja. Muhula uliofuata tuliongezewa watoto sita kwa sababu ya kiatu hicho. Mama Yunia akaniambia, "Siku ukitaka kusema, nitasimama na wewe." Siku haikufika. Waliojua ukweli tulikuwa watatu, na wawili wameshatangulia mbele ya haki. Bi Rukia naye.

Wiki iliyopita Adamu alinitembelea hapa Uthiru. Ana mvi sasa, na duka la vifaa vya ujenzi River Road. Amejenga chumba cha watoto wadogo, si mbali na ninapoishi, kwa ukumbusho wa bibi yake. Akanionyesha kitu alichokifunga kwenye kitambaa: kile kiatu. Bi Rukia alikitunza miaka yote.

"Mwalimu, tutakitia ndani ya kioo, tukitundike ukutani, walimu wetu wakione kila asubuhi."

"Adamu," nikasema, "kuhusu hicho kiatu—"

"Wacha nimalize, Mwalimu."

Nikamwacha. Ndiyo kanuni yangu. Alipomaliza alikuwa akifuta macho, nami nikamrudishia kiatu bila kuimalizia sentensi yangu.

Ufunguzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nami nimeombwa nizungumze. Nimelipima jambo hili kwa mizani mbili. Nikinyamaza, Adamu anabaki na bibi yake na kiatu chake, na hakuna aliyeumia. Lakini walimu wake watatazama ule ukuta na kujifunza kubeba viatu, wakati kilichotuokoa ni kuhesabu vifuniko na mzee aliyekimbia na kiatu mguu mmoja. Nimefikiria hata kupatana: niseme nusu. Nikagundua kuwa nusu ya jambo hili haina bei.

Basi nawauliza ninyi, kwa kuwa wengine wenu mtafundisha pale na kusimama chini ya kiatu hicho. Nimwambie Adamu peke yake, niseme mbele ya watu, au nikiache kiatu kilivyo? Msinionee haya kwa sababu ni mzee. Niambieni. Safari hii nitawaacha mmalize.